Madirisha Yapo, Mwanga Hauingii: Utatuzi wa Matatizo ya Mwanga wa Mchana katika Nyumba za Tanga

Malalamiko ya mwanga katika nyumba za Tanga yanafanana sana, iwe nyumba ipo Ngamiani, Chumbageni, Makorora au kwenye viwanja vipya vya kuelekea Kange na Pongwe. Sebule inahitaji taa saa nne asubuhi, chumba cha kulala hakipoi hadi usiku wa manane, na dirisha lililokuwa jema mwezi Desemba linageuka adha ifikapo Juni. Mwenye nyumba mara nyingi huongeza taa, hununua feni nyingine au humwita fundi aje kupasua ukuta kabla hajajua tatizo limetoka wapi, na fedha hupotea bila nafuu kupatikana. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayokutwa mara nyingi, na kwa bahati njema ndiyo rahisi zaidi kukagua.

Jambo moja linatangulia mengine yote. Mwanga tunaoutafuta ndani ya nyumba ni ule wa mbingu, si wa jua lenyewe. Jua likipenya moja kwa moja huleta joto na mng'ao, na wenye nyumba huishia kufunga mapazia na kukosa mwanga wa mbingu pia. Dirisha jema katika pwani hii ni lile linaloiona mbingu kwa upana na kufichwa jua.

Kwanza ujue dirisha linaangalia wapi

Dira ya simu hudanganya ikiwekwa karibu na grili, nondo au bati, kwa hiyo usiitumie ukiwa umesimama dirishani. Kwa wakazi wa Tanga ipo njia ya hakika zaidi: Makka ipo karibu kaskazini kamili mwa mji wetu, tofauti ni kama nyuzi moja na nusu tu kuelekea mashariki. Anayejua kibla ya msikiti wa jirani amekwisha kuijua kaskazini, mradi jengo lenyewe limeelekezwa sawasawa. Asiye na uhakika achomeke kijiti wima mahali tambarare, aweke alama kwenye ncha ya kivuli, asubiri kama nusu saa kisha aweke alama ya pili. Mstari unaotoka alama ya kwanza kwenda ya pili unaelekea mashariki, kwa makadirio yanayotosha kazi hii.

Tanga ipo takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini katika miezi inayobaki. Karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba hupita utosini. Mwishoni mwa Juni hufikia nyuzi 61 tu juu ya upeo wa kaskazini, na mwishoni mwa Desemba hufikia nyuzi 72 upande wa kusini. Tena, kwa kuwa saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45 ilhali Tanga ipo kwenye nyuzi 39, jua hufika kileleni baada ya saa sita mchana, kwa kuchelewa kati ya takribani dakika 7 na 38 kutegemea mwezi. Alasiri yetu ya saa ya ukutani kwa hiyo ina jua refu kuliko asubuhi, na ukuta wa magharibi ndio unaolipa gharama yake.

Upepo nao unaungana na jua kwa namna ambayo wajenzi wa zamani waliielewa vyema. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, hasa kati ya Desemba na Machi, wakati ambapo jua lipo kusini. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, wakati jua lipo kaskazini. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka, upande wenye kivuli ndio upande wenye upepo. Nyumba yenye madirisha makubwa kaskazini na kusini hupata mwanga wa mbingu na hewa kutoka upande mmoja huku ikijikinga na jua upande wa pili. Ninasisitiza hili kwa sababu viwanja vingi vipya hujengwa kwa ramani iliyonunuliwa tayari, nayo hugeuzwa kufuata barabara bila mtu kuuliza jua linapita wapi.

Dalili: sebule ni giza mchana ingawa dirisha ni kubwa

Zima taa zote saa tano asubuhi, keti mahali unapohitaji mwanga, kisha tazama dirishani ukiwa palepale. Ikiwa unaona kipande cha mbingu, tatizo lipo kwenye dirisha lenyewe au ndani ya chumba. Ikiwa unachoona ni ukuta wa jirani au paa la baraza peke yake, tatizo lipo nje, na kubadilisha kioo hakutasaidia sana.

Sababu inayoongoza ni tabaka zilizolundikwa kwenye dirisha moja: kioo cheusi au cha kahawia, wavu wa mbu uliogandwa na vumbi na chumvi ya bahari, grili yenye nakshi nzito, pazia jepesi na juu yake pazia zito. Kila tabaka huchukua sehemu yake, na baadhi ya vioo vya rangi peke yake huzuia nusu ya mwanga au zaidi. Anza na yasiyogharimu kitu. Funga mapazia pembeni kabisa ili yasifunike hata sehemu ya kioo, toa fremu ya wavu uioshe kwa maji na sabuni, kisha telezesha kioo upande mmoja ulinganishe. Ikiwa chumba kinabadilika waziwazi kioo kinapofunguliwa, kioo ndicho mkosaji. Si lazima kubadilisha vyote. Kuweka kioo cheupe kisicho na rangi katika sehemu za juu za dirisha huleta faida kubwa, kwa kuwa sehemu hizo ndizo zinazopeleka mwanga mbali zaidi ndani ya chumba. Wengi huchagua kioo cheusi kwa ajili ya joto, lakini kioo hicho hupata moto chenyewe na kuurudisha ndani. Joto linazuiwa vizuri zaidi na kivuli kilicho nje ya dirisha.

Sababu ya pili ni rangi. Ukuta mweupe hurudisha takribani asilimia 80 ya mwanga unaougusa, ilhali kijani kizito, bluu ya bahari au hudhurungi huumeza karibu wote. Paka nyeupe au rangi ya maziwa kwenye dari na kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kwanza, na ubakishe rangi uipendayo kwenye ukuta wenye dirisha, ambako hasara yake ni ndogo.

Sababu ya tatu ni baraza pana. Tafadhali usilibomoe, kwa sababu ndilo linalokinga ukuta dhidi ya jua na mvua ya masika, na nusu ya maisha ya nyumba hufanyika pale. Paka nyeupe upande wa chini wa paa lake na uweke sakafu ya rangi nyepesi, ili mwanga unaogonga chini urudi juu na kuingia ndani. Bati la plastiki linalopitisha mwanga linaweza kuchukua nafasi ya bati moja la baraza la kaskazini au kusini, juu ya sehemu inayoelekeana na dirisha. Kwa baraza la magharibi sikushauri hata kidogo.

Zinafuata sababu mbili ambazo usafi na rangi hazitazimaliza. Moja ni chumba kirefu kuliko uwezo wa dirisha. Mwanga wenye manufaa hufika ndani kwa umbali wa mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha kutoka sakafuni. Ikiwa dirisha linaishia kwenye lenta, yaani mhimili wa zege ulio juu yake, kwenye kimo cha mita 2.1, tarajia mita 4 hadi 5, na chini ya hapo ikiwa kuna wavu na grili. Sebule ya mita 7 yenye dirisha upande mmoja itakuwa na giza nyuma hata kioo kikiwa kipya, na dawa yake ni tundu la pili katika ukuta mwingine, dogo na la juu. Nyingine ni ukuta wa jirani uliokaribia mno, kama ilivyo sehemu nyingi za Ngamiani. Hapo mazungumzo ya ujirani mwema hufanya kazi kuliko nyundo: omba ruhusa ya kupaka nyeupe ukuta wake unaotazamana na dirisha lako, kwa gharama yako.

Dalili: korido ya kati ni giza siku nzima

Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba pande mbili na korido katikati hutegemea milango miwili, wa barazani na wa uani, na yote ikifungwa kwa ajili ya usalama korido hubaki bila chanzo chochote cha mwanga. Jaribu kwanza kuweka kioo au matofali yenye matundu juu ya mlango wa uani, au mlango wa pili wa grili na wavu ili ule wa mbao ubaki wazi mchana. Kagua pia juu ya milango ya vyumba. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na matundu pale, nayo yamezibwa dari ya jipsamu ilipowekwa au mpangaji alipotaka faragha. Kuyafungua na kuyawekea kioo cha ukungu hurudisha mwanga bila kuonyesha yaliyomo chumbani.

Ikiwa hayo hayatoshi, bati moja linalopitisha mwanga juu ya korido, pamoja na tundu lenye kingo nyeupe kwenye dari, hubadilisha nyumba nzima. Lakini kabla ya mtu yeyote kupanda, tambua paa ni la nini. Mabati ya zamani ya rangi ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji na si chuma, huenda yana asbesto. Kuyakata, kuyatoboa au kuyavunja hutoa vumbi linalodhuru mapafu kwa miaka mingi baadaye. Hapo simamisha kazi, usiruhusu fundi ajaribu, na utafute mtaalamu wa kuondoa paa la aina hiyo. Na hata kwenye paa la kawaida, hakuna anayepaswa kukanyaga bati la plastiki, kwa kuwa hupasuka ghafla na mtu akaanguka ndani.

Dalili: chumba hakipoi usiku

Kipimo chake ni mkono. Saa mbili usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kisha kwenye ukuta wa ndani, kisha simama juu ya kiti uguse dari. Sehemu yenye joto kuliko nyingine ndiyo inayokunyima usingizi.

Mara nyingi itakuwa ukuta wa magharibi na dirisha lake. Saa kumi na nusu jioni jua huwa limeshuka hadi karibu nyuzi 30 juu ya upeo, na ili kulikinga dirisha la kimo cha mita 1.2 kwa ukingo wa paa peke yake, ukingo huo ungepaswa kutoka nje zaidi ya mita 2. Ndiyo sababu kurefusha paa upande huo huwavunja moyo watu. Kinga ya magharibi lazima isimame wima: mkeka wa mianzi unaoning'inizwa nje, madirisha ya mbao yenye vibao vya mshazari kama yale ya majengo ya zamani ya karibu na bandari, waya wa kupandishia mapasheni, au mwarobaini uliopandwa mita kadhaa kutoka ukutani ili mizizi isiguse msingi. Pazia la ndani hulizuia jua likiwa limekwisha kupita kioo, na joto hubaki chumbani. Ukuta wa tofali za saruji nao hunywa joto tangu alasiri na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo kuupaka nyeupe kwa nje na kuuwekea kivuli ni kazi moja.

Dari ikiwa ndiyo yenye joto, tatizo ni bati, na mwelekeo wa dirisha hauna lawama. Weka matundu ya hewa pande mbili za nafasi iliyo juu ya dari, na paa jeupe au linalong'aa litasaidia zaidi ya feni.

Ikiwa kuta zote zina joto sawa, yawezekana hewa haitembei. Dirisha la kuteleza la vipande viwili hufunguka nusu tu, na likifungwa kabla ya magharibi kwa kuogopa mbu chumba hubaki na joto la mchana kutwa. Rekebisha wavu, kisha acha dirisha wazi pamoja na tundu la upande wa pili.

Dalili: chumba kina mwanga lakini macho yanaumia

Hili hulalamikiwa sana na wanaotazama bahari, hasa Raskazone, na wazazi ambao watoto wao husoma mezani mbele ya dirisha. Sababu kubwa ni dirisha moja angavu katika ukuta wa giza: jicho linalazimika kuchagua kati ya mbingu na kivuli, na kila kitu kilichobaki huonekana cheusi. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, na usiweke runinga mbele ya dirisha wala mkabala nalo. Kisha paka nyeupe kingo za ndani za dirisha na ukuta unaolizunguka. Mng'ao ukibaki, huenda unatoka chini, kwenye sakafu ya saruji ya nje au bati la jirani lililo chini ya dirisha, na nyasi au mimea ya chunguni itaupunguza. Kuongeza kioo cheusi ni hatua ya mwisho, kwa kuwa itakurudisha kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: dirisha lililokuwa jema limeanza kuingiza jua

Hakuna kilichoharibika. Dirisha la kaskazini hukaa kivulini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, kisha jua huhamia upande wake na kuingia ndani zaidi mwezi Juni. La kusini hufanya kinyume chake, kwa wastani zaidi. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.2, kikinga jua cha zege au cha bati kilichowekwa juu yake kabisa kinahitaji kutoka nje sentimita 65 upande wa kaskazini na 40 upande wa kusini ili kulifunika wakati wa adhuhuri. Kwa kuwa asubuhi na alasiri jua hupenya kwa ubavu, ningeweka sentimita 80 au 90 upande wa kaskazini. Ukingo wa paa ulio juu zaidi ya dirisha uongezwe kwa kadiri ya pengo lililopo.

Dalili: ukungu ukutani na harufu ya unyevu

Watu husema chumba kinakosa jua, na mara nyingine ni kweli, lakini jua si sababu ya kwanza. Ya kwanza ni kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje katika chumba kisichofunguliwa. Lisogeze, acha nafasi ya kupita mkono, na fungua madirisha ya pande mbili kila asubuhi kwa wiki moja. Ya pili ni mvua inayosukumwa na kusi wakati wa masika kwenye ukuta wa kusini usio na ukingo wa kutosha. Kagua silikoni inayoziba kingo za fremu na kizingiti cha chini cha dirisha, ambacho kinapaswa kuinamia nje.

Ili kujua unyevu unatoka hewani au ndani ya ukuta, bandika kipande cha plastiki kwa gundi pande zote na ukikague siku inayofuata. Matone yakiwa upande wa chumba, ni hewa. Yakiwa nyuma ya plastiki, ukuta wenyewe umelowa. Unga mweupe unaotoka kwenye lipu sehemu ya chini ni chumvi, ama ya ardhini ama ya mchanga wa bahari uliotumika kufyatulia tofali, na kupaka rangi juu yake hakuponyi. Hapo mwite mhandisi. Ikiwa unyevu umefika kwenye soketi au swichi, au ukuta unakupiga shoti, zima swichi kuu mara moja na umwite fundi umeme mwenye leseni. Ukungu mwingi katika chumba cha mwenye pumu usikwanguliwe ukiwa mkavu; ulowanishe kwanza, na mgonjwa awe nje.

Pale ambapo ukuta lazima upasuliwe

Kupanua dirisha kwenda chini, ndani ya upana uleule, kwa kawaida hakugusi lenta, na fundi makini anaweza kuifanya kazi hiyo baada ya kuhakikisha hakuna waya wala bomba ukutani. Kupanua kwenda pembeni au juu ni jambo jingine. Lenta inabeba kuta na paa, na inapaswa kulalia ukuta wa kutosha pande zote mbili; ikikatwa, nyufa huanza pembeni mwa dirisha na kupanda kwa mshazari. Ufa mpya wa aina hiyo, au wowote unaoendelea kupanuka, ni ishara ya kusimamisha kazi, kuweka miimo chini ya paa na kumwita mhandisi siku hiyohiyo. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye boriti, zisiguswe na fundi aliyezoea tofali za saruji pekee, kwa kuwa mawe yake hushikana kwa uzito na huporomoka yakitobolewa vibaya.

Mabadiliko ya kuta yanahitaji kibali cha Halmashauri ya Jiji, na mchoro wa msanifu majengo aliyesajiliwa hurahisisha kukipata. Dirisha jipya likiwekewa grili, angalau moja katika kila chumba cha kulala iwe ya kufunguka kutoka ndani, ili watu waweze kutoka moto ukizuka. Siku ya kuonana na msanifu mpelekee picha tatu za chumba husika zilizopigwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na nusu jioni, zenye tarehe, pamoja na karatasi yenye vipimo vya chumba na mshale wa kaskazini.